Huck Finn Darasani: Miaka Mia na Arobaini ya Mzozo

Riwaya mbili zimebeba sehemu kubwa ya mabishano kuhusu ubaguzi wa rangi katika vitabu vya shule nchini Marekani. Ya kwanza ni Adventures of Huckleberry Finn ya Mark Twain, iliyotoka Uingereza Desemba 1884 na Marekani Februari 1885. Ya pili ni To Kill a Mockingbird ya Harper Lee, iliyochapishwa Julai 1960. Waandishi wote wawili ni Wazungu waliokulia katika majimbo yaliyowahi kuwa ya utumwa. Riwaya zote mbili zinasimuliwa na mtoto wa Kizungu, na katika zote mbili yupo mtu Mweusi ambaye uhuru au uhai wake uko mikononi mwa wengine. Zimesomeshwa vizazi kwa vizazi, na karibu kila kizazi kimetoa watu wa kuzikataa, ingawa si watu wale wale wala si kwa sababu zile zile.

Nani huamua mwanafunzi wa Marekani asome nini? Nchini Kenya vitabu teule vya fasihi hupitishwa na taasisi moja ya mitaala, na mtahiniwa wa Lodwar husoma riwaya ile ile anayoisoma mwenzake wa Mombasa. Tanzania nayo ina Taasisi ya Elimu inayoidhinisha vitabu kwa nchi nzima. Marekani haina chombo cha namna hiyo. Ina wilaya za shule zaidi ya 13,000, nyingi zikiongozwa na bodi zinazochaguliwa kwa kura za wakazi, na bodi hizo ndizo zenye kauli ya mwisho juu ya vitabu vya lazima, vya hiari, na vinavyokaa maktaba tu. Kwa hiyo magazeti yanapoandika kwamba kitabu kimepigwa marufuku, mara nyingi kilichotokea ni kushushwa daraja: kimeondolewa kwenye orodha ya lazima, kikaachwa kwenye rafu. Si tofauti ndogo. Kitabu cha maktaba husomwa na anayekitaka. Kitabu cha lazima humfikia kila mtoto, apende asipende, tena mbele ya wenzake, na mtihani hukisubiri.

Kisa cha Huck si kigumu kukisimulia. Mvulana wa miaka kama 13 au 14, mtoto wa mlevi, anatoroka mji mdogo wa Missouri kando ya mto Mississippi, miongo miwili hivi kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Anakutana na Jim, mtumwa aliyekimbia baada ya kusikia kwamba bibi anayemmiliki anataka kumuuza New Orleans. Wanateremka mto kwa chelezo wakilenga Cairo, Illinois, mahali mto Ohio unapoingia Mississippi na kufungua njia ya kwenda majimbo yasiyo na utumwa. Ukungu unawapitisha Cairo bila wao kujua, na tangu usiku ule kila maili inampeleka Jim ndani zaidi ya nchi ya watumwa.

Njiani kuna sura ambazo watetezi wa kitabu huzitaja kila mara. Huck anamfanyia Jim mzaha mbaya, Jim anamkemea kama mtu mzima amkemeavyo mtoto asiye na adabu, na inamchukua Huck robo saa nzima kujishusha na kwenda kumwomba radhi. Baadaye anaandika barua ya kumfichua Jim kwa mmiliki wake, kisha anaichana, huku akiamini kabisa kwamba kwa kuichana anajitia motoni. Hajawahi kuambiwa na mtu yeyote, si kanisani wala nyumbani, kwamba utumwa ni uovu. Dhamiri yake imefundishwa kinyume, na Twain anaiacha imsute kwa kutenda mema.

Zipo pia sura ambazo wapinzani huzitaja kila mara. Tusi la kuwadharau Weusi, lile ambalo Wamarekani leo hulitaja kwa herufi yake ya kwanza tu, limo zaidi ya mara 200, kwani ndivyo watu wa Missouri ya wakati ule walivyosema. Na sehemu ya mwisho ya riwaya, katika shamba la akina Phelps, Jim amefungwa minyororo kibandani na Tom Sawyer, rafiki wa Huck, anaendesha mchezo wa kumwokoa kwa namna ya hadithi alizosoma: anamjazia kibanda panya, buibui na nyoka ili ateseke kama mfungwa wa vitabuni. Jim anayavumilia yote. Mwishoni inajulikana kwamba Tom alikuwa akijua tangu mwanzo kuwa Jim ameshaachwa huru katika wosia wa bibi yake. Wahakiki kadhaa wameisoma sehemu hiyo kama dhihaka ya kisiasa. Twain aliandika kitabu kati ya 1876 na 1883, utumwa ukiwa umekomeshwa tangu 1865 lakini watu wa Kusini wakiwa mbioni kuwarudisha Weusi chini, hasa baada ya majeshi ya serikali kuu kuacha kuwalinda mwaka 1877. Mtu aliyekwisha kuwa huru na bado yumo minyororoni alikuwa kila mahali. Usomaji huo una nguvu, lakini haumpunguzii mwanafunzi wa darasa la tisa uzito wa kurasa hizo.

Marufuku ya kwanza haikuhusu lolote kati ya hayo. Machi 1885, wiki chache baada ya kitabu kutoka, kamati ya maktaba ya mji wa Concord, Massachusetts, ilikikataa kwa sababu ya lugha chafu, sarufi mbovu na mvulana asiye na heshima anayevuta tumbaku na kudanganya. Hofu ilikuwa kwamba watoto wa watu wenye adabu wangeiga watoto wa mitaani. Twain alifurahi, akamwambia mchapishaji wake kwamba kelele hizo zingewauzia nakala 25,000. Mwaka 1905 maktaba ya Brooklyn ilikiondoa katika chumba cha watoto, na mojawapo ya makosa ya Huck lilikuwa kujikuna hadharani. Kwa miaka ishirini kitabu hicho kilishitakiwa kwa niaba ya mtoto mmoja tu wa kufikirika, naye alikuwa Mzungu wa familia yenye nafasi.

Safari yake hadi kuwa kitabu cha shule ilichukua muda. Mwaka 1935 mwandishi Ernest Hemingway alichapisha Green Hills of Africa, simulizi ya uwindaji wake Tanganyika, na ni humo, katika mazungumzo na Mwaustria mmoja porini, ndimo alimodai kwamba fasihi yote ya kisasa ya Marekani inatokana na kitabu hiki kimoja. Wanaoinukuu kauli hiyo huwa hawataji Tanganyika, na wengi hawataji pia kwamba hapo hapo Hemingway alimshauri msomaji akifunge kitabu Jim anapoibwa, kwa kuwa yanayofuata ni ulaghai. Mwaka 1948 mhakiki Lionel Trilling aliandika utangulizi wa toleo la vyuo, na 1950 mshairi T. S. Eliot akaandika wa kwake. Majina hayo yalitosha. Kitabu kilichotupwa kama takataka kikawa kitabu ambacho Mmarekani aliyesoma hawezi kukosa kukijua, na walimu waliofundishwa na wanafunzi wa Trilling wakakipeleka sekondari.

Wakati huo huo madarasa yenyewe yalikuwa yakibadilika. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka, iliamua kwamba kuwatenga watoto kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Aliyewaongoza mawakili wa upande wa wazazi Weusi alikuwa Thurgood Marshall wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi. Septemba 1957 wanafunzi tisa Weusi waliingia Central High School ya Little Rock, Arkansas, wakilindwa na wanajeshi. Mwezi huo huo ikatangazwa kwamba bodi ya elimu ya jiji la New York imekiondoa Huckleberry Finn katika orodha ya vitabu vya kiada vya shule za msingi na za kati. Magazeti yaliihusisha hatua hiyo na malalamiko ya NAACP. Chama kilikana kushinikiza bodi, ila hakikuficha kwamba hakipendezwi na baadhi ya maneno ya kitabu.

Hapa ndipo historia ya mzozo inapopinda. Kwa miaka zaidi ya sabini malalamiko ya ubaguzi wa rangi hayakusikika sana hadharani, na si kwa sababu hakuna Mweusi aliyekerwa. Madarasa yaliyokisoma kitabu kwa sauti yalikuwa ya Wazungu watupu, ama kwa sheria kule Kusini ama kwa jinsi mitaa ilivyogawanywa Kaskazini. Maneno ya kitabu hayakubadilika. Kilichobadilika ni nani amekaa dawati la tatu wakati yanasomwa. Mwaka uliofuata, 1958, mwandishi Mweusi Ralph Ellison alieleza tatizo hilo kwa utulivu: Twain alimvisha Jim sura ya michezo ya jukwaani ya karne ya 19, ambamo Wazungu walijipaka masizi na kuwaigiza Weusi kama wajinga wachekeshaji, na utu wa Jim huchungulia nyuma ya kinyago hicho. Msomaji mzima aweza kuuona. Mtoto huenda akaona kinyago tu.

Riwaya ya Harper Lee ilikuja wakati mwafaka kupita kiasi. Ilitoka 1960, ikapata tuzo ya Pulitzer 1961, na filamu yake ya 1962 ikampa mwigizaji Gregory Peck tuzo ya Oscar. Lee alikuwa mwenyeji wa Monroeville, Alabama, na mji wa kubuni wa Maycomb unafanana nao sana. Katika miaka ya 1930 wakili Atticus Finch anapewa kazi ya kumtetea Tom Robinson, Mweusi anayesingiziwa kumbaka msichana wa Kizungu. Ushahidi unaonyesha wazi kwamba hangeweza: mkono wake wa kushoto ulilemazwa na mashine ya pamba tangu utotoni. Baraza la wazee wa mahakama, Wazungu wote, linamtia hatiani, na baadaye anapigwa risasi 17 akijaribu kutoroka gereza. Msimulizi ni Scout, binti mdogo wa Atticus. Kwa mwalimu wa miaka ya 1960 kitabu hiki kilikuwa zawadi: kifupi kuliko vile vya karne iliyopita, lugha nyepesi, mtoto msimulizi, na upande wa haki unaojulikana tangu ukurasa wa kwanza.

Kilipingwa kwanza na Wazungu. Mwaka 1966 bodi ya shule ya Hanover, Virginia, iliagiza kiondolewe kwa kukosa maadili, kwa kuwa kesi yake ni ya ubakaji. Virginia lilikuwa jimbo ambalo viongozi wake waliendesha upinzani mkali dhidi ya hukumu ya Brown, kiasi kwamba kaunti ya Prince Edward ilifunga shule zake zote za umma kuanzia 1959 hadi 1964 ili watoto wasichanganywe. Lee aliandika barua kwa gazeti la Richmond akishangaa kama wajumbe wa bodi wanajua kusoma, na akaambatisha mchango mdogo wa kuwaandikisha darasa la kwanza. Mhariri wa gazeti hilo, James J. Kilpatrick, aligawa nakala za bure kwa wanafunzi. Ni huyo huyo Kilpatrick aliyekuwa miongoni mwa sauti kubwa za kutetea utengano wa shule. Kupenda riwaya ya Lee, basi, hakukuhitaji kuwa upande wa Tom Robinson nje ya kurasa zake.

Kufikia miaka ya 1980 riwaya zote mbili zilikuwa zimetia mizizi. Uchunguzi wa mtafiti Arthur Applebee, uliofanywa 1988 na kuchapishwa mwaka uliofuata, ulionyesha kwamba takriban shule 7 katika kila 10 za umma zilisomesha kila moja ya vitabu hivyo mahali fulani kati ya darasa la 7 na la 12. Katika vitabu 10 vilivyoongoza, mwandishi mwanamke alikuwa mmoja tu, Harper Lee, na mwandishi asiye Mzungu hakuwepo hata mmoja. Takwimu hiyo inaeleza mzozo kuliko hotuba nyingi. Mwanafunzi wa Marekani alikuwa akijifunza kuhusu ubaguzi dhidi ya Weusi, lakini kwa kalamu za Wazungu, na kwa wengi hizo ndizo kalamu pekee walizozijua mpaka wamalize sekondari.

Wazazi na walimu Weusi walikuwa wameanza kulisema hilo mapema. Mwaka 1976 shule ya New Trier, katika kitongoji tajiri cha Chicago, ilikitoa Huckleberry Finn katika vitabu vya lazima baada ya malalamiko yao. Mwaka 1981 huko Warren Township, Indiana, wajumbe watatu Weusi wa kamati ya ushauri wa mahusiano ya jamii walijiuzulu baada ya ombi lao la kuondoa To Kill a Mockingbird kukataliwa. Kelele kubwa zaidi zilitoka Fairfax, Virginia, mwaka 1982. John H. Wallace, msimamizi Mweusi katika shule ya kati, alikitangaza kitabu cha Twain kuwa takataka ya kibaguzi mbaya kupita zote na akataka kitolewe darasani. Shule yake iliitwa Mark Twain. Wakubwa wa wilaya walimkatalia, naye mwaka 1983 akachapisha toleo lake lililofutwa tusi lote. Wasomi walimcheka. Hoja yake ya msingi, kwamba mtoto Mweusi halazimiki kudhalilishwa ili mtoto wa Kizungu apate somo, haikujibiwa kwa kicheko hicho.

Mwaka 1985, kitabu kilipotimiza miaka mia, ilithibitishwa barua ya Twain ya Desemba 1885 kwa mkuu wa kitivo cha sheria cha Yale, akijitolea kumlipia gharama Warner T. McGuinn, mmoja wa wanafunzi Weusi wa mwanzo wa kitivo hicho. McGuinn alihitimu 1887, akawa wakili Baltimore, na miaka mingi baadaye alimsaidia kijana mmoja aliyekuwa akianza uwakili katika jiji hilo: Thurgood Marshall. Watetezi wa Twain waliishika barua hiyo kama ushahidi wa mwisho. Kwa hakika inathibitisha mengi kuhusu mtu aliyeiandika na machache sana kuhusu kitakachotokea darasani kitabu chake kikifunguliwa.

Kilichotokea darasani kinajulikana kutokana na malalamiko yenyewe, ambayo yanafanana ajabu kutoka jimbo moja hadi jingine. Wanafunzi wanasoma kwa zamu, kwa sauti. Zamu inafika kwenye aya yenye tusi. Msomaji anasita, au anacheka, au analitamka kwa nguvu kuliko maneno mengine, na vichwa vinageuka kumtazama mwanafunzi mmoja, kwa kuwa mara nyingi katika darasa la watu thelathini Mweusi ni mmoja. Mwalimu, ambaye hakufunzwa la kufanya, anasema endelea. Kengele inalia, na kwenye veranda tusi linasemwa tena, safari hii bila kitabu. Toni Morrison, mwandishi Mweusi aliyeandika utangulizi wa toleo la Oxford la 1996, alikumbuka jinsi kitabu kilivyomsumbua alipokisoma shuleni, hasa ukimya uliowekwa juu ya mambo yanayotisha ndani yake. Hata hivyo aliipinga hatua ya kukiondoa, akaiona kama njia ya kuwaridhisha watu wazima badala ya kuwaelimisha watoto. Katika hoja zote zilizotolewa kwa upande wa kukihifadhi, ya Morrison ndiyo nzito zaidi, kwani haianzi kwa kukana maumivu.

Mahakama iliingia 1998. Mama mmoja Mweusi wa Tempe, Arizona, alikuwa amefungua kesi akidai kwamba binti yake, mwanafunzi wa darasa la tisa, alilazimishwa kusoma riwaya ya Twain pamoja na hadithi fupi ya William Faulkner, na kwamba baada ya hapo matusi ya rangi shuleni yaliongezeka. Mahakama ya rufaa ilitoa uamuzi wenye sehemu mbili. Majaji walikataa kuiamuru shule iache kusomesha kitabu, wakihofia kwamba mlango huo ukifunguliwa kila kundi litapeleka kitabu lisichokipenda mahakamani. Lakini walisema pia kwamba shule inayojua kuna matusi ya kibaguzi na kuyafumbia macho inavunja sheria ya haki za kiraia. Kwa maneno mengine, kitabu kilipata ulinzi na mwanafunzi naye akapata wake, na mzigo ukaangukia shule.

Cherry Hill, New Jersey, ilijaribu kuubeba mzigo huo. Katikati ya miaka ya 1990 wazazi Weusi walilalamika, na badala ya kupiga kura ya kuondoa au kubakiza, wilaya iliwaita wazazi, walimu na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Villanova watunge namna mpya ya kukifundisha. Kabla ya ukurasa wa kwanza wanafunzi walijifunza historia ya utumwa, wakasoma simulizi za watumwa wenyewe, wakajadili tusi lilitoka wapi na limefanya kazi gani. Walimu walipewa mafunzo. Njia hiyo hula wiki kadhaa za muhula, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutoenea kwake. Mtihani wa jimbo haungoji.

Njia ya mkato ilikuja 2011. Profesa Alan Gribben wa Alabama alitoa toleo ambamo tusi, mara zote 219, lilibadilishwa kuwa neno la kawaida la “mtumwa”. Alisema walimu walikuwa wakiacha kukifundisha kabisa, na afadhali kisomwe hivyo kuliko kisisomwe. Karibu pande zote zilimshambulia. Waliokipenda kitabu walisema amekihasi. Wengine waliona kwamba Jim alitukanwa kwa kuwa Mweusi, na watu huru walitukanwa vivyo hivyo, kwa hiyo kubadilisha neno kunaficha kosa lenyewe.

To Kill a Mockingbird, ambayo tusi hilo limo mara chache zaidi, ilipata hukumu ya aina nyingine. Wahakiki Weusi waliuliza kwa nini katika riwaya kuhusu uonevu wa Weusi, Weusi hawana la kufanya. Tom Robinson karibu hasikiki ila akiwa kizimbani. Calpurnia, mpishi wa akina Finch, ana familia na kanisa lake, lakini msomaji huambiwa machache kuhusu anachofikiri juu ya kesi. Tukio linalopendwa zaidi linaonyesha tatizo vizuri: hukumu imekwisha kusomwa, Atticus anatoka ukumbini akiwa ameshindwa, na Weusi waliojazana roshani ya juu wanasimama wote kwa heshima, kimya, mchungaji akimwambia Scout naye asimame kwa kuwa baba yake anapita. Aliyepotelewa na uhai ni Tom. Anayesimamiwa ni wakili. Mwaka 2015 ilichapishwa Go Set a Watchman, mswada wa awali wa Lee, ambamo Atticus mzee anaipinga NAACP na kuogopa kura za Weusi, na baadhi ya walimu waligundua kwamba kwa miaka mingi walikuwa wamefundisha shujaa badala ya riwaya.

Kuanzia hapo maamuzi yalifuatana. Mwishoni mwa 2016 kaunti ya Accomack, Virginia, iliviondoa vitabu vyote viwili kwa muda kufuatia lalamiko la mzazi mmoja, kisha ikavirudisha. Mwaka 2017 Biloxi, Mississippi, ilikikatiza kitabu cha Lee katikati ya muhula wa darasa la nane, na kelele zilipozidi kikarudi kwa ruhusa ya mzazi. Mwaka 2018 Duluth, Minnesota, iliviondoa vyote viwili katika orodha ya lazima ikavibakiza maktaba. Januari 2022 Mukilteo, Washington, ilifanya hivyo kwa To Kill a Mockingbird, safari hii kwa ombi la walimu wenyewe, na mwalimu anayetaka bado aliruhusiwa kukichagua.

Kisa cha Burbank, California, mwaka 2020 ni kigumu kuliko vyote. Wazazi wachache, wengi wao Weusi, walieleza jinsi watoto wao walivyotukanwa baada ya masomo, na wilaya ikaondoa vitabu vitano katika usomaji wa lazima: hivyo viwili, pamoja na Of Mice and Men cha John Steinbeck, The Cay cha Theodore Taylor, na Roll of Thunder, Hear My Cry. Hicho cha mwisho kiliandikwa na mwanamke Mweusi, Mildred D. Taylor, kikapata medali ya Newbery 1977, na kinasimulia familia ya Weusi wa Mississippi wanaong'ang'ania ardhi yao wenyewe. Ndani yake Weusi hawangoji wakili. Kama kasoro ingekuwa kalamu ya Mzungu, kitabu hicho kingebaki. Kilichokiponza ni lile tusi, na darasa lisilojua kulibeba.

Nafasi katika muhula ni chache, na kila kitabu kinachokaa kinakizuia kingine. Katika miongo hii shule nyingi zimeongeza Their Eyes Were Watching God ya Zora Neale Hurston, iliyotoka 1937, ikasahaulika, ikachapishwa tena 1978. Tawasifu ya Maya Angelou. Simulizi ya Frederick Douglass ya 1845. Na Things Fall Apart ya Chinua Achebe. Riwaya za Morrison zimeingia pia, na baada ya 2017 The Hate U Give ya Angie Thomas, kuhusu msichana anayemwona rafiki yake akiuawa na polisi.

Lakini vitabu hivi vipya vimekuta upepo wa upande mwingine. Tangu 2021 majimbo kadhaa, Texas na Tennessee yakiwemo, yamepitisha sheria zinazobana namna walimu wanavyoweza kuzungumzia rangi darasani, na malalamiko mengi ya sasa hutoka kwa wahafidhina. The Bluest Eye ya Morrison na The Hate U Give zimekuwa miongoni mwa vitabu vinavyolalamikiwa mara kwa mara nchini humo. Mtoto anayetajwa katika mashitaka hayo amerudi kuwa Mzungu, safari hii anayeogopewa kuhisi hatia.

Mwaka 2024 Percival Everett, mwandishi Mweusi, alichapisha James, riwaya inayosimulia safari ile ile ya chelezo kwa sauti ya Jim. Mtumwa wa Everett anajua kusoma, anabishana na wanafalsafa ndotoni, na huivaa lugha ya kijinga pale tu Mzungu anapokaribia, kama vile Weusi wote wa riwaya hiyo wanavyowafundisha watoto wao wafanye. Ilipata National Book Award mwaka huo na Pulitzer 2025. Inasomeka bila kumjua Twain, ingawa mengi yake humfikia zaidi anayemjua, na kwa mwalimu mwenye wiki sita na bajeti ya kitabu kimoja hilo ni tatizo jipya. Uamuzi wa kusomesha kimojawapo, vyote viwili au kuacha vyote bado uko kwa bodi za wilaya, moja moja.